Gari ya Marehemu: Kwa Nini Inazima Mlimani, na Ilizaliwa Mwaka Gani?

Wanachama waliohudhuria mkutano wetu uliopita watakumbuka ya kuwa Halmashauri ilitutaka sisi watatu, yaani mhariri wa gazeti hili, fundi mmoja wa magari, na mwanachama mmoja aliyeendesha gari za kubebea karafuu tangu ujana wake, twende tukaitazame Land Rover ya marehemu mzee wetu, ambayo warithi wake wamependa kukiuzia Chama. Tuliagizwa tulete majibu ya maswali mawili tu. La kwanza, gari hii yaweza kufanya kazi msimu ujao au haiwezi? La pili, ni kweli kuwa ni ya mwaka 1952 kama isemwavyo, au si kweli? Majibu tumekwisha yapeleka kwa Halmashauri. Lakini kwa kuwa fedha zitakazotumika ni za wanachama wote, tumeombwa tuyaeleze humu kwa urefu, ili kila mtu ajue tulichokiona kabla ya siku ya kupiga kura.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili si dogo. Barabara za lami zimefika mbali siku hizi, lakini mashamba yetu mengi yako juu ya vilima na ndani ya mabonde, na baina ya shamba na barabara mna udongo mwekundu ambao mvua za vuli zikinyesha hugeuka sabuni. Gari ndogo za kukodi hufika kwenye kilima zikasimama, na dereva akataka magunia yaletwe kichwani. Na karafuu mbichi hazingoji. Zikishindiliwa ndani ya gunia zikalala, huchemka, na ukizianika asubuhi yake hutoka zimepauka na kukunjamana, mnunuzi akazitazama mara moja tu na kuzitupa katika daraja la chini. Kila mkulima anayesoma maneno haya amewahi kupata hasara hiyo, nasi tumo.

Tena bei yenyewe ilikuwa na mambo. Warithi walitaja bei ya kitu cha kale, kwa kuwa gari ya 1952 ni adimu, na wako watu wa mbali wapendao kununua vitu kama hivyo. Kama si ya mwaka huo, basi ni gari ya kazi iliyochoka, na bei yake ni nyingine kabisa. Tofauti ya bei hizo mbili yatosha kuwanunulia wanachama wetu wote majamvi mapya ya kuanikia.

Na kulikuwa na jambo lisilohesabika kwa shilingi. Marehemu alikuwa mtu wa kuaminiwa. Mizani yake haikupata kutiliwa shaka. Alisema mbele ya watu, si mara moja wala mara mbili, "Land Rover yangu ni ya mwaka 1952." Sasa sisi tuende na spana na brashi ya waya tukasema sivyo? Tulikwenda kwa haya, na twakiri.

UGONJWA WAKE

Gari tuliikuta uwani chini ya mwembe, imefunikwa makuti. Binti wa marehemu, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, alitukaribisha kwa kahawa, kisha akasema: "Gari hii haina ubaya, wanangu. Ila ikipanda mlima hupumzika."

Neno hilo tulilicheka, lakini baadaye tuliona lina ukweli kuliko maneno ya mafundi wote waliotutangulia. Kabureta ilikuwa imebadilishwa mara mbili, pampu ya petroli mara moja, na plagi mara zisizohesabika. Kila fundi aliyekuja alibadilisha kitu, gari ikaenda vizuri siku ile kwa kuwa ilikuwa imelala usiku kucha, fundi akalipwa, na wiki ya pili ikazima pale pale ilipokuwa ikizima. Kwa hiyo tuliagana sisi watatu ya kuwa hatutabadilisha kitu cho chote mpaka gari izime mbele ya macho yetu. Twaona hii ndiyo kanuni kubwa katika kazi hii, wala haigharimu hata senti moja.

Injini ya petroli yataka mambo matatu: petroli na hewa kwa kipimo, cheche kwa wakati wake, na silinda zisizovuja. Silinda zinazovuja haziponi kwa kupumzishwa nusu saa, kwa hiyo washukiwa wetu walikuwa wawili, petroli na cheche.

Kabla ya safari tulifanya usafi wa kawaida. Plagi tuliziacha nafasi ya sehemu 30 za elfu ya inchi, na platini za distributa sehemu 15. Nyaya za plagi tulizifuata moja moja tukaona zimefungwa kwa mpango wake, 1, 3, 4, 2. Chini ya pampu kuna kikombe cha kioo cha kukamatia uchafu. Tulikifungua, tukakuta maji kidogo na vumbi jekundu la kutu kutoka katika tangi. Mwenye Land Rover ya zamani akikisafisha kikombe hicho kila mwezi atajiepusha na mengi.

Kitu kilichotushtua kilikuwa betri. Ncha ya hasi ilikuwa imefungwa kwenye mwili wa gari, kama zilivyo gari za siku hizi. Lakini Land Rover za miaka ya 1950, na nyingi za miaka ya 1960, zilitoka kiwandani kinyume cha hivyo: chanya ndiyo iliyofungwa mwilini. Kijana aliyeweka betri mpya alifanya kama alivyofundishwa, wala hatumlaumu. Ila dinamo ya zamani ina sumaku kidogo inayobaki ndani ya chuma chake hata gari ikiwa imezimwa, na sumaku hiyo ndiyo inayoamua umeme utoke upande gani. Ukigeuza betri bila ya kuigeuza dinamo, hutoa umeme wa kinyume. Betri haipati chakula, na kisanduku cha kudhibiti umeme chaweza kuungua. Ndiyo sababu taa nyekundu ya dinamo ilikuwa haizimiki, na Bi Mkubwa akinunua betri kila mwaka.

Tuliirudisha betri kama asili yake. Kisha, kwa tahadhari, tulitoa waya uliofungwa kwenye ncha ya dinamo iliyoandikwa F, tukaigusisha ncha hiyo kwa waya uliotoka katika upande wa moto wa betri, mguso mfupi mara mbili tatu, cheche ndogo zikaruka. Hivyo sumaku ya ndani iliwekwa upya upande unaotakiwa. Tulipowasha injini na kuongeza mwendo kidogo, taa nyekundu ikazimika. Bi Mkubwa alipiga kigelegele, nasi tukajiona mafundi wakubwa, jambo ambalo lilikuwa mapema.

Tulipakia magunia sita ya mchanga, tukaelekea njia ya zamani ya Wete, ile inayojipinda. Robo saa haikupita. Katikati ya kilima cha pili injini ilikohoa, ikavuta pumzi mbili, ikanyamaza.

Hapo ndipo pa kuangalia wengi wanapokosea. Hukaa chini ya mti wakangoja ipoe, na ikipoa ushahidi wote umekwenda. Sisi tuliruka mara moja. Mmoja alifungua kifuniko cha tangi, na sote tukasikia hewa ikiingia kwa nguvu, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pumzi. Tangi hutaka kuvuta hewa kadiri petroli inavyotoka. Kifuniko cha asili kina kitundu kidogo cha kazi hiyo. Hiki kilikuwa si cha asili, kilitoka katika gari nyingine, na hakikuwa na tundu. Kwa hiyo kadiri petroli ilivyotumika ndivyo tangi lilivyojifunga, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Tuliwasha, ikawaka, tukapanda kilima tukiimba.

Siku ya pili tulikwenda na kifuniko chenye tundu. Ilizima kilima kile kile.

Twasema kweli, tulikata tamaa kidogo. Tulifungua kifuniko, hapakuwa na sauti. Kikombe cha kioo kilijaa petroli safi. Basi tukageukia cheche. Tulitoa plagi moja, tukaifunga kwenye waya wake, tukailaza juu ya chuma cha injini, na mmoja akazungusha injini. Cheche ilikuja nyembamba, ya rangi ya manjano, mara ipo mara haipo. Cheche nzima huwa na rangi ya buluu, nayo hulia. Tukafungua kifuniko cha distributa, tukawasha swichi, na kwa ncha ya kijiti tukazifungua platini. Zikatoa mwako mkubwa, na nyuso zake zilikuwa zimeungua na kuwa nyeusi ingawa tulizisafisha jana yake.

Hapo fundi wetu alitabasamu. Ndani ya distributa kuna kikopo kidogo, mfano wa kifundo cha kidole, kiitwacho kondensa. Kazi yake ni kuumeza umeme platini zinapofunguka, usirukie pale, ili koili itoe cheche yake kwa ghafula na kwa nguvu. Kondensa ikifa kabisa gari haiendi, na kila mtu hujua. Lakini iko kondensa inayougua: ikiwa baridi hufanya kazi, ikipata joto hukatika ndani, na ikipoa hurudi kama kwamba hapana lililotokea. Hii ndiyo iliyokuwa ikipumzika! Fundi alifunga nyingine aliyokuwa nayo mfukoni, tukasafisha platini, na gari ikawaka papo hapo na joto lake lote. Tuliipandisha kilima kile mara nne mfululizo, na magunia yake, bila ya kuzima.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mmoja kwa sura na wawili kwa asili. Ndio maana uliwashinda waliotangulia: aliyefungua kifuniko cha tangi aliponya nusu, na aliyeshika kabureta hakuponya cho chote.

Mengine tuyataje kwa ufupi. Breki zataka mipira mipya. Usukani una mchezo mwingi, lakini unarekebishika. Mwili wa Land Rover ni wa alumini kwa sehemu kubwa, kwa kuwa baada ya Vita ya 1939–45 chuma kilikuwa cha mgawo huko Uingereza na alumini ikipatikana. Mwili huo hauliwi na kutu kama wa chuma, na hii huwadanganya wanunuzi wengi. Fremu iliyo chini yake ni ya chuma, na hewa yetu ya chumvi haiihurumii. Tulilala chini tukaigonga yote kwa nyundo ndogo. Palipo pazima hulia kama kengele, palipooza hujibu kama boga. Paliitika kama boga mahali pawili: mti wa nyuma unaofungwa mnyororo wa kuvutia, na mkono mmoja unaobeba tangi. Pote pawili panaweza kuchomelewa, na lazima pachomelewe kabla ya kupakia gunia lo lote.

UMRI WAKE

Gari za namna hii zilitengenezwa na kampuni ya Rover huko Solihull, Uingereza. Aliyezibuni ni Maurice Wilks, aliyekuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey na akifanyia kazi gari ya jeshi ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Tangu mwanzo ilikusudiwa wakulima, na pengine hii ndiyo sababu wazee wetu waliipenda kabla hawajaambiwa.

Za miaka ya mwanzo zilikuwa na inchi 80 kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Mwaka 1954 zikaja za inchi 86 na 107, na mwaka 1956 za inchi 88 na 109. Mwaka 1958 umbo lilibadilika likaitwa Series II: ubavu ambao zamani ulikuwa umenyooka kama sanduku ukapewa tumbo, yaani umetokeza kidogo chini ya madirisha. Mwaka 1961 ikaja Series IIA, na mwaka 1971 Series III.

Yule mwenzetu dereva aliitazama gari ya marehemu ubavuni, akanyamaza. Ilikuwa na tumbo.

Tuliomba utepe wa kupimia. Bi Mkubwa akatoa utepe wake wa kushonea, ambao ni wa inchi 60, kwa hiyo tulipima mara mbili: 60, kisha 28. Jumla 88. Gari ya 1952 haiwezi kuwa na inchi 88. Lakini mwili waweza kubadilishwa, na hata fremu yaweza kubadilishwa, na mtu akasema roho ya gari ni ile ile. Tukaendelea.

Ndani, mbele ya kiti, palikuwa na kibati chenye nambari, na nambari hiyo ilikuwa ya tarakimu nane ikianza kwa 2, bila ya herufi mwishoni. Wasomaji waangalie hapa. Katika miaka ile tarakimu ya kwanza ilikuwa ya mwaka, na 2 ni 1952. Nambari za Series IIA nazo zina tarakimu nane na huanza kwa 2, lakini huwa na herufi mwishoni, na mtu mwenye haraka aweza kuzichanganya. Hii haikuwa na herufi, na chuma kilikuwa hakijafutwa. Kibati kilikuwa cha kweli, cha 1952. Bi Mkubwa alitutazama kana kwamba anasema, Je, sikuwaambieni?

Lakini kibati ni kitu cha ribiti mbili. Nambari iliyo ngumu kuhamisha ni ile iliyopigwa katika fremu yenyewe, na kwa gari hizi iko mbele, upande wa kulia, penye mkono unaoshika springi. Palikuwa pamefunikwa na grisi, udongo na rangi za miaka mingi. Tulipapaka mafuta ya taa tukaacha usiku kucha, asubuhi tukasugua kwa brashi ya waya kwa mkono. (Mtu asitumie mashine ya kusagia! Itakula nambari pamoja na kutu.) Kisha tulipaka chaki nyeupe juu yake, tukapangusa kwa kitambaa, na chaki ikabaki ndani ya mikwaruzo. Tarakimu zikajitokeza moja moja, nazo zilikuwa tisa. Nne za kwanza zilisema 1429.

Katika hesabu za kiwanda, 142 ni Series II fupi ya inchi 88, ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kuuzwa nje ya Uingereza. Tarakimu ya nne, 9, ni ya mwaka 1959, ingawa mwaka wa kiwanda haukulingana sawasawa na mwaka wa kalenda. Umbo, kipimo na fremu vyasema neno moja. Ni gari ya 1959. Injini nayo ina nambari yake, iliyopigwa kwenye boma lake karibu na bomba la moshi, na hiyo ina herufi mwishoni, kwa hiyo imetoka katika gari ya baadaye. Hilo halikutushangaza. Katika miaka ya 1970 na 1980 vipuri vilikuwa adimu kama lulu, na gari nyingi ziliishi kwa kuazimana viungo.

Ikabaki kibati. Kama kimewekwa ili kudanganya, basi tulikuwa na neno zito la kupeleka kwa Halmashauri, na jina la marehemu lilikuwa ndani yake. Tulikaa barazani, hapana aliyetaka kuanza.

Jioni ile alipita mzee mmoja jirani, ambaye ujanani alikuwa mwanafunzi wa fundi. Alisikia tunalozungumza, akaegemeza bakora yake ukutani.

"Kibati hicho nimekipigilia mimi," alisema.

"Wewe, Mzee?"

"Mimi. Gari ya kwanza ilikuwepo, wanangu. Ile ubavu wake ulikuwa umenyooka. Fremu yake ilikatika katikati siku moja imepakia makonyo, ikalala njiani kama punda aliyekufa. Marehemu akanunua hii, mkono wa pili. Ile ya kwanza tukaikata vipande, lakini kibati hakutaka kitupwe. Akaniambia, 'Kipigilie humu, kikae pamoja na mwenzake.' Mwenzake kilikuwa juu yake. Hicho cha juu sijui kimekwenda wapi."

Tulimshukuru, lakini maneno hata ya mzee hupimwa. Tulirudi kwenye gari na tochi. Juu ya kibati, ukikisogeza kitambaa kilichokuwa kimetundikwa hapo, palikuwa na matundu mawili yaliyozibwa na rangi, na baina yake kivuli cha mstatili ambapo rangi ya kijani ya chini ilikuwa mbichi kuliko mahali pengine. Kitu kilikaa pale muda mrefu kikatoka. Ribiti za kibati cha chini zilikuwa za kufungia masufuria, wala hazikuwa za kiwandani. Kisha Bi Mkubwa aliingia ndani akatoka na picha iliyokuwa katika Msahafu wa baba yake. Wamo vijana watatu wamevaa kofia za vito, wamesimama mbele ya Land Rover yenye ubavu ulionyooka, ndogo, taa zake mbili zimetokeza katika wavu wa mbele. Huyo ndiye wa 1952.

Bi Mkubwa aliitazama picha, akaitazama gari.

"Basi baba hakusema uongo," alisema.

Hakusema uongo. Alikuwa na gari mbili, nasi tulikuwa tukisikia moja.

MAMBO YALIYOBAKI

Lipo tatizo moja ambalo ni la leo. Kadi ya gari ina nambari ya kibati cha 1952. Yaelekea kadi ilipoandikwa upya, kibati cha juu kilikuwa kimekwisha anguka, na mwandishi akanakili alichokiona. Watu wengi watasema hayo ni madogo, kwa kuwa gari imetembea hivyo miaka mingi. Sisi hatukubali. Siku gari itakapopata ajali na wachumaji nyuma, mtu wa bima atakuja na tochi kama sisi, ataona fremu yasema jingine na kadi jingine, na Chama kitabaki peke yake. Kwa hiyo tumeshauri kwamba warithi waipeleke gari ikaguliwe na kadi irekebishwe kwanza, na senti ya Chama isitoke kabla ya hapo. Warithi wamekubali, na wamekubali pia bei ya gari ya kazi. Hawakushindana nasi hata kidogo, na twataka jambo hilo lijulikane.

Kwa ushahidi zaidi, Bi Mkubwa ameamua kuandika barua Uingereza. Katika kijiji cha Gaydon kuna jumba la British Motor Museum, ambalo limehifadhi daftari za kiwanda, na kwa malipo hutoa cheti kinachoonyesha gari ya nambari fulani ilimalizika lini, ilikuwa rangi gani, ilitoka na injini ya nambari gani, na ilipelekwa kwa nani. Tumemwandikia nambari zote mbili, ya fremu na ya kibati. Majibu yakija tutayachapisha hapa.

Sisi watatu hatukuafikiana kwa yote. Fundi wetu aona ni heri Chama kinunue gari ya Kijapani iliyotumika, kwa kuwa vipuri vyake viko kila duka. Dereva aona hapana gari ya Kijapani ya bei hii itakayopanda njia zetu mvua ikinyesha. Mhariri yuko upande wa dereva, ila kwa sharti kwamba uchomeleaji wa fremu ufanywe na kulipwa ndani ya bei ile ile. Kura ni yenu.

Kama itanunuliwa, dereva atakayepewa ajue haya. Kitufe cha manjano hubonyezwa ili magurudumu ya mbele nayo yavute, na mkono mwekundu ni wa mwendo mzito wa kupandia milima. Vyote viwili ni vya matope. Kwenye lami kavu magurudumu yote manne yakifungwa pamoja hushindana, na gia huumia. Chanya ya betri iko mwilini, kwa hiyo mtu asifunge redio wala chaja ya simu ya kisasa bila ya kumwuliza fundi, kwani itaungua siku hiyo hiyo. Na kondensa moja ya akiba ikae daima ndani ya kisanduku cha mbele.

Kibati cha 1952 tumekitoa kwa bisibisi taratibu, kisipindike, tukamkabidhi Bi Mkubwa mbele ya mzee aliyekipigilia. Amekiweka pamoja na picha. Matundu yaliyobaki hatukuyaziba, kwa kuwa kadi itakapokuwa tayari kibati chenye nambari ya kweli kitafungwa pale pale.